Aya Iliyokataa Kugeuzwa

Kwetu Shwari hakuna mtu aliyewahi kufungwa kimakosa. Nalitanguliza hili mapema, maana habari hii nimeshawasimulia watu wawili watatu na wote wakaielewa vibaya.

Mimi ni karani wa vikao katika Wizara ya Magereza na Ukarimu. Kazi yangu ni kuandika yote yaliyosemwa, kisha kufuta yasiyopaswa kusemwa, kisha kuwapelekea wakubwa yaliyobaki wayatie saini. Ni kazi nzuri. Nimeifanya miaka kumi na sita bila kuumwa hata kichwa.

Ghorofa ya chini ya wizara yetu kulikuwa na kompyuta moja kubwa, kama makabati manne yaliyoegemeana, na ndani yake programu iliyoitwa HUKUMU. Kila mfungwa wa Shwari alikuwa humo: namba yake, kosa lake, siku alizopewa na siku zilizobaki. Kila asubuhi saa mbili HUKUMU ilimpunguzia kila mmoja siku moja, na aliyefika sifuri ilimchapia karatasi ya kutokea. Askari wa lango la gereza kwetu haruhusu mtu kutoka kwa maneno, hata yawe maneno ya jaji. Anaruhusu karatasi.

Programu hiyo iliandikwa zamani kwa lugha ya kompyuta iitwayo Koboli, ambayo vijana wa leo wanaijua kama wanavyojua kukoboa mpunga kwa kinu, yaani kwa kusikia tu. Mwaka juzi kabati la tatu likatoa moshi. Kwa siku nne Shwari haikuweza kumwachia mfungwa yeyote. Hilo halikumshtua mtu. Siku ya tano ikagundulika kwamba hata kumpokea mfungwa mpya haiwezekani, na hapo Serikali ikalichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Kabati likafungwafungwa waya likaendelea na kazi, na ikaundwa Kamati.

Mwenyekiti alikuwa Waziri wetu, Mheshimiwa Gervas Tandabui, mtu mwenye sauti nzuri kiasi kwamba hata akikohoa watu hupiga makofi. Aliyeitwa kuieleza Kamati ni Bi Zuhena Mapande, mkuu wa kitengo cha programu, mwanamke mtaratibu wa miaka thelathini na sita, mwenye ugonjwa mmoja tu ambao ulikuwa umeandikwa kwenye faili lake la utumishi: kuuliza kwa nini.

"Mheshimiwa," alisema, "programu hii lazima ihamie kwenye mashine mpya, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuiandika upya. Tunakaa chini, tunasoma kila aya ya ile ya zamani, tunauliza: hii inafanya nini, na nani alitaka ifanye hivyo? Yenye maana tunaiandika kwa lugha mpya. Isiyo na maana tunaiacha. Itatuchukua miaka miwili."

"Na ya pili?"

"Kuna chombo kinaitwa kigeuzi. Ni programu inayosoma programu nyingine. Unaingiza Koboli upande huu, upande wa pili inatoka lugha mpya. Wiki tatu. Lakini kigeuzi hakijui kinachokisoma, Mheshimiwa. Palipo na haki kitageuza haki, palipo na kosa kitageuza kosa."

Mheshimiwa aliweka kikombe cha chai chini polepole. "Kwa hiyo hakiulizi."

"Hakiulizi."

"Kinunuliwe."

Kisha akasimama, na mimi nikafungua ukurasa mpya. "Ndugu wajumbe! Taifa ni mwendelezo. Wazee wetu walipoipokea nchi hii hawakuiandika upya. Waliigeuza! Bendera waligeuza. Majina ya barabara waligeuza. Sheria za mkoloni wakazigeuza zikawa zetu, na tazameni tulivyo salama. Kuandika upya ni kukiri kwamba kilichoandikwa kwanza kina kasoro. Nani humu ndani yuko tayari kukiri?"

Hakuna aliyekuwa tayari. Kamati ikapitisha kigeuzi, pamoja na kipimo cha ushindi: mfumo mpya utahesabiwa kuwa sahihi endapo utajibu sawasawa na wa zamani. Ikitokea tofauti, mpya ndio uliokosea. Wajumbe walipiga meza hadi glasi ya Mwanasheria wa Wizara ikaanguka.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alikata utepe uliofungwa kuzunguka mashine, na pamoja na utepe akakata waya mmoja, hivyo kigeuzi kikaanza kazi kesho yake. Kilisoma mistari laki tatu na elfu sitini kwa siku kumi na tisa. Halafu Bi Zuhena akaweka majibu ya mifumo miwili bega kwa bega. Wafungwa walikuwa elfu thelathini na moja na ushei. Wote walilingana, isipokuwa arobaini na mmoja.

Aliniita ofisini kwake nikaandike ripoti ya ushindi.

"Karani, hebu tazama," akasema. "Huyu, mfumo wa zamani unasema amebakiza siku moja. Na huyu, siku moja. Na huyu. Wote arobaini na mmoja wamebakiza siku moja."

"Basi ni bahati yao."

"Mfumo mpya unasema huyu wa kwanza alipaswa kutoka siku elfu saba mia tisa na mbili zilizopita."

Nikapiga hesabu kwa vidole, nikaacha. Ni zaidi ya miaka ishirini na moja.

"Mpya ndio uliokosea," nikamkumbusha. "Kamati ilipitisha."

Alinionyesha mstari ambao kigeuzi kilikuwa kimeuacha mwishoni mwa kazi yake, kama mtoto mwadilifu anayemwambia mwalimu swali lililomshinda: *Aya ya 7700. Sijaielewa. Nimeiruka.* Katika mistari laki tatu na elfu sitini, mashine ilikuwa imeshindwa na aya moja. Bi Zuhena aliisoma kwa Koboli, midomo ikicheza, kisha akaniambia kwa Kiswahili: "Kama namba ya mfungwa imo kwenye jedwali la saba, na amebakiza siku moja, mwongezee moja."

Kila asubuhi HUKUMU ilitoa siku moja kwa watu wote. Halafu, kwa watu arobaini na mmoja, ikairudisha.

Chini ya aya hiyo aliyeiandika alikuwa ameacha maneno ya kumkumbusha atakayekuja baada yake: *Kwa muda tu. Hadi baada ya uchaguzi. S.M.*

"Uchaguzi upi?" nikauliza. Tangu hapo tumefanya chaguzi nne, na zote Serikali imeshinda.

*

S.M. alikuwa Bi Sikudhani Mtepa, mtumishi mstaafu wa miaka sabini na moja, anayeishi nyuma ya stesheni ya treni. Tulimkuta barazani akichambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," Bi Zuhena alisema.

"Marahaba, wanangu. Wizarani? Mbona funguo nilirudisha zote."

Bi Zuhena akamwekea juu ya goti karatasi yenye ile aya. Bi Sikudhani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena. Alisoma mistari mitatu kwa muda ambao mtu angesoma barua nzima.

"Bado ipo?"

"Ipo, mama. Inafanya kazi kila asubuhi saa mbili."

"Walikuja mabwana wawili," alisema. "Wapole kabisa. Wakaniambia, Bi Mtepa, kuna watu wachache hapa, wakitoka kabla ya uchaguzi wataleta maneno. Wakae kidogo tu. Nikaomba barua. Wakasema barua iko njiani, wewe anza."

"Ilikuja?"

"Nilistaafu nikiisubiri."

"Na uchaguzi ulipopita?"

"Nilimwuliza mkubwa wangu kama niiondoe. Akasema, uondoe nini? Nani alikuagiza uweke? Nikasema wale mabwana. Akasema, mabwana gani?" Alirudia kuchambua, lakini sasa alikuwa akitupa choroko nzima pamoja na mawe. "Nikaona nikiiondoa nitakuwa nimekiri kwamba niliiweka. Nina watoto wanne, mwanangu. Na ulikuwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu."

"Najua, mama. Ndiyo maana haukuonekana."

Tulipoinuka kuaga, alimshika Bi Zuhena mkono. "Wangapi wamekufa?"

Bi Zuhena alinitazama. Mimi nikatazama ungo. Hilo lilikuwa swali ambalo hakuna mtu wizarani aliyekuwa amelifikiria, kwa kuwa HUKUMU haikuwa na sehemu ya kulijibu.

*

Jibu tulilipata Gereza la Upole, ambako arobaini na mmoja wote walikuwa wanashikiliwa. Inspekta Pilimina Sago, mama mnene mwenye sauti ya kutafuna, alifungua daftari.

"Hai ishirini na wanne. Waliofariki kumi na saba."

"Waliofariki wanahesabiwaje?" Bi Zuhena akauliza. "Mbona mfumo unasema wamebakiza siku moja?"

"Ndiyo. Hata wao hawajapata karatasi ya kutokea. Bila karatasi hatuwezi kutoa maiti langoni. Tumewazika hapahapa, ndani ya ukuta, safu ya pili na ya tatu."

"Na ndugu zao mliwaambia?"

"Barua ya kifo huambatanishwa na karatasi ya kutokea, dada. Karatasi hakuna, barua hakuna. Wakija dirishani kuuliza tunawasomea kompyuta inavyosema: kesho."

Alisema hivyo bila uovu wowote. Hata mimi niliona utaratibu umefuatwa.

Bi Zuhena aliomba kumwona yule wa kwanza kwenye orodha. Aliletwa mzee mwembamba aitwaye Hamdani Kirobo, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Miaka ile alikuwa amewaandikia wahariri wa gazeti kwamba asilimia zilizotajwa kwenye hotuba ya Mkuu wa Nchi ukizijumlisha zinakuwa mia moja na kumi na nne. Mahakama ilimpa miezi kumi na minane kwa kosa la kulipunguzia Taifa asilimia kumi na nne.

"Mwalimu," Bi Zuhena alianza, "umebakiza siku ngapi?"

"Moja."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipobakiza moja." Akacheka kidogo. Meno ya mbele hayakuwepo. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nakunja blanketi kila asubuhi nawaaga wenzangu. Mwaka wa pili wakaniomba niache, wamechoka kuagwa. Ndipo nikaanza kutafuta kanuni. Toa moja, jumlisha moja. Hesabu ya darasa la kwanza, mwanangu. Nilichokosa ni mtu anayejumlisha."

"Nimempata."

Mwalimu akauliza, "Ni mtu mbaya?"

Bi Zuhena alifikiri. "Ni mama mmoja. Tumemkuta anachambua choroko."

Mwalimu Hamdani aliinamisha kichwa. "Afadhali ungeniambia ni mbaya," alisema.

Askari alipomjia, aligeukia mlangoni. "Mwanangu, una nia njema, nimekuona. Lakini usiniambie kesho. Ukiwa na habari, njoo nayo siku ileile."

Njiani kurudi nilijaribu kumchangamsha Bi Zuhena kwa habari za mkutano wa Kamati.

*

Kamati ilikaa Alhamisi. Bi Zuhena alieleza yote: aya, jedwali, wazima ishirini na wanne, makaburi kumi na saba. Wajumbe walisikiliza kwa makini ya watu wanaosubiri mtu mwingine aanze kusema.

"Kwa hiyo kigeuzi kimeruka aya moja," Mheshimiwa akahitimisha. "Igeuzwe."

"Mashine haiielewi, Mheshimiwa. Itabidi iandikwe kwa mkono. Na Kanuni ya Wizara yenyewe inasema amri yoyote inayoandikwa kwa mkono kwenye mfumo lazima iwe na jina la aliyeiagiza. Inayogeuzwa na mashine ndiyo isiyohitaji jina."

"Ndiyo uzuri wake," Katibu Mkuu aliguna, kisha akajuta.

"Ninachoomba ni jina moja," Bi Zuhena alisema, akaweka karatasi mezani. "Nani anaagiza watu hawa waendelee kuongezewa siku?"

Karatasi ikazunguka. Mwanasheria wa Wizara aliteguka kifundo cha mkono papo hapo. Katibu Mkuu alikumbuka kwamba anakaimu tu. Mkuu wa Magereza akaisoma pande zote mbili, ukiwamo upande mtupu, akaipitisha. Ilizunguka meza nzima kama sahani ya pilipili, ikarudi kwa Bi Zuhena ikiwa safi.

"Basi niwaache watoke," alisema.

"Nani kasema watoke?" Mheshimiwa aling'aka. "Wakitoka, watu watauliza kwa nini hawakutoka. Bi Mapande, mimi sijaagiza wabaki. Lakini sijakataza. Karani, andika hivyo." Akafikiri. "Hapana, usiandike. Jumatatu mfumo mpya unaanza kazi, na utajibu sawasawa na wa zamani. Kamalize."

Bi Zuhena alikusanya karatasi zake. "Nitaiandika, Mheshimiwa. Kama Kanuni inavyosema."

Nilifurahi sana kuona amekuwa mtiifu.

*

Jumatatu nilitumwa Gereza la Upole kuiwakilisha Wizara. Saa mbili kamili mfumo mpya uliwaka mbele ya Inspekta Pilimina, ukapunguza siku za watu wote kwa kufumba na kufumbua, kisha ukasimama. Kwenye skrini yalitokea maneno haya:

*Wafungwa 41 wamemaliza kifungo. Lipo agizo la kuwaongezea siku moja. Andika jina la aliyeagiza. Lisipoandikwa hadi saa sita mchana, karatasi zao zitachapwa.*

Inspekta akaandika: WIZARA.

*Wizara si mtu. Andika jina la mtu.*

Akaandika: SERIKALI.

*Serikali si mtu. Andika jina la mtu.*

Alinitazama, akajaribu: MUNGU.

*Hayumo kwenye orodha ya watumishi.*

Tukaanza kupiga simu. Mheshimiwa alikuwa msibani. Katibu Mkuu alikuwa kwenye ndege, ingawa nilisikia nyuma yake watoto wakigombania rimoti. Mkuu wa Magereza alipokea, akasema yeye siye, akakata. Bi Zuhena hakupokea kabisa. Saa tano na dakika arobaini na tano Mheshimiwa mwenyewe akapiga.

"Karani, uko hapo?"

"Nipo, Mheshimiwa."

"Una jina?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Naitwa Fikirini Matwiga."

"Hilohilo. Liweke. Ni utaratibu tu, siku moja, tukijipanga."

Akakata simu. Nikaketi kwenye kiti cha Inspekta. Nikaandika F. Nikaandika I, K, I.

"Ni siku moja tu, afande?" nikamwuliza Inspekta.

"Moja."

"Na kesho?"

"Kesho itauliza tena. Lakini utakuwa umeshaweka leo, itakuwa rahisi."

Nilimkumbuka Bi Sikudhani na ule mkono wake uliomng'ang'ania Bi Zuhena. Zilikuwa zimebaki herufi nne za jina langu, na pale dirishani niliona ukuta, na chini ya ukuta safu ya pili ya vilima vidogo vya udongo, majani yamefyekwa vizuri. Naomba nisisifiwe. Sikukataa. Mtu akiniuliza, sikumbuki kama niliamua lolote. Niliondoa mkono kwenye kibodi ili nijipanguse jasho, na sikuurudisha. Simu iliita, ikaita, Inspekta naye akawa anafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Saa sita printa ikaanza.

Kanuni ya gereza inataka kila karatasi ya kutokea iitwe uwanjani mara tatu mbele ya wafungwa wote. Inspekta Pilimina alisimama kwenye jua akaita. Wa kwanza akatoka kwenye mstari, akipepesa macho. Wa pili ni marehemu. Inspekta aliita jina lake mara tatu, akisubiri kila mara kama kanuni inavyotaka. Akaita wa tatu. Marehemu. Wa nne. Ilichukua muda mrefu. Kufikia jina la kumi wafungwa wote walikuwa wamevua kofia bila kuamriwa, na ile sauti ya Inspekta ya kutafuna ilikuwa imebaki nyembamba.

Mwalimu Hamdani aliipokea karatasi yake akaikagua kama mtihani wa mwanafunzi.

"Tarehe ni ya leo?" akauliza.

"Ya leo, Mwalimu," nikasema.

Akapita lango, akasimama nje, hakuonekana kujua aelekee mkono upi. Baadaye kidogo alichagua wa kushoto.

*

Jioni ile redio ya Taifa ilitangaza kwamba Serikali, kwa huruma yake, imewasamehe wafungwa ishirini na wanne. Mheshimiwa Tandabui alipewa nishani ya Ukarimu, daraja la kwanza. Jumatano Bi Zuhena alikamatwa ofisini kwa kosa la kuandika pasipo kugeuza. Alipewa miaka mitatu, na jedwali la saba hatujui kama bado lipo, maana baada yake hakuna anayeweza kuisoma programu hiyo, ya zamani wala mpya.

Walipokuwa wakimtoa, alisimama mbele ya meza yangu. "Kaka Fikirini, zile karatasi kumi na saba ziko wapi?"

"Ziko mezani kwa Inspekta. Hazina wa kuzipokea."

"Wana kwao," alisema tu, na wale askari wakamsukuma.

Niliomba likizo. Kwenye fomu, penye sababu, niliandika mapumziko. Nilimwendea Inspekta Pilimina, naye akanipa bahasha bila kuniuliza, akaongeza daftari lake la mazishi, akageuka akatazama kalenda hadi nilipoondoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Tabia Nguzo, mtaa wa mafundi seremala. Mwanawe Kassian alikuwa fundi redio. Alifungwa mwaka mmoja kwa kutengeneza redio ikashika stesheni ya nchi jirani. Mama alikuwa ameketi mkekani, amevaa khanga mpya, mkoba uko kando yake. Alisikia kwenye redio habari za msamaha, na tangu siku hiyo alikuwa akimngoja.

Nilimpa karatasi. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akapapasa mhuri.

"Imeandikwa ametoka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kituo cha basi, maneno laini ya kiofisi, na hayakuja hata moja.

"Alifariki, mama. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa sita, kwa homa. Amezikwa ndani ya ukuta wa Gereza la Upole, safu ya pili, kaburi la nne. Kila ulipokuja dirishani ukaambiwa kesho, alikuwa ameshakufa. Mimi nafanya kazi wizarani."

Aliikunja karatasi mara nne, akaibana kiganjani. Kisha akausogeza mkoba, akajisogeza na yeye, hadi upande mmoja wa mkeka ukabaki wazi.

"Kaa," akasema. "Anza mwanzo, na uniambie majina yao, hao wa wizarani."